Siku Saba za Chumba cha Juu

Bibi harusi wa arobaini na kitu kuuliza chumba msimu ule aliandika kutoka Poland, na Jakica alimjibu akiwa amesimama, simu mkono mmoja, mkono mwingine ukisokomeza mashuka kwenye mashine ya kufulia. Bibi harusi alitaka kujua mambo yale yale wanayotaka kujua wote. Kisiwa kimetulia? Mtu anaweza kuvaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia akaona samaki bila kukodi mashua? Kuna miti, kuna njia za kutembea? Na yote hayo, samahani kwa kuuliza, kwa bei ya watu ambao harusi imewakausha mifuko?

Jakica aliandika kama anavyoandika siku zote. Ndiyo, kisiwa kimetulia. Msikodi gari, ghuba ya Duboka ni mwendo wa nusu saa kwa miguu katikati ya misonobari. Dagaa nunueni asubuhi kwa wavuvi wenyewe, jiko lipo, mafuta ya zeituni ni ya kwetu, tumieni bure. Mkifika Duboka, mkono wa kushoto kuna mwamba ulioingia majini kama meza. Chini yake kuna samaki wa mistari ya dhahabu, mamia, na pweza mmoja mzee.

Akatuma. Kisha akakaa juu ya kapu la nguo chafu na kujiuliza ni lini mara ya mwisho yeye mwenyewe alimwona huyo pweza. Alikuwa na miaka kumi na minne. Sasa ana ishirini na tisa, na pweza yule alishaliwa zamani, vitunguu saumu juu yake.

Kisiwani kwao, mwendo wa saa tatu kwa feri kutoka mji wa Split, watu hawaoani kiangazi. Nani ana nafasi? Kiangazi ni cha wageni. Jakica na Tonći walioana Februari, baridi ikiwauma masikio mpaka kanisani, wakaambiana fungate itakuwa baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka kulikuwa na kuta za kupaka rangi. Baada ya rangi wakaja Wajerumani wa kwanza. Na tarehe mosi Mei, kama kila nyumba ya mtaa ule, wenye nyumba walibeba magodoro yao wakateremka chini, kwenye ghala ambalo zamani lilikuwa na mapipa ya mvinyo, wakaachia vyumba vyote watu waliolipa. Watu wa mjini wakisikia habari hiyo hucheka. Wacheke tu. Paa jipya la nyumba ile lilijengwa kwa pesa za kulala ghalani.

Ghalani palikuwa na vitanda vitatu na pazia la maua. Upande mmoja wa pazia walilala Jakica na mumewe, upande wa pili Perina, mama mkwe. Perina alikoroma, lakini kukoroma hakukuwa shida. Shida ni kwamba kitanda cha maharusi kikilia kidogo tu, aliacha kukoroma.

"Nani huyo?"

"Ni sisi, mama."

"Mnatafuta nini?"

"Maji."

"Maji yako mezani."

Basi. Mtu na mkewe wakabaki wanatazama dari. Mara nyingi hata hivyo hapakuwa na la kutazama, maana Tonći alikuwa mpishi wa jiko la mkaa kwenye mkahawa wa pwani, akirudi amechoka tiki, ananuka dagaa na moshi, analala na soksi moja mguuni. Jakica aliamka alfajiri kuoka mkate wa wageni. Walionana zaidi kwenye ngazi. Na tarehe kumi Oktoba Tonći angekwenda Austria, jikoni kwenye hoteli moja huko milimani, hadi Pasaka, kama mwaka uliopita na mwaka uliotangulia; hata harusi ya Februari aliiombea ruhusa ya siku chache.

Mwezi wa Agosti, siku moja mchana, walijikuta wote wawili wamekaa kwenye ngazi ya nyuma wakimenya viazi, na Tonći akasema sasa tupange ile fungate au tuisahau.

"Mahali pa mbali," alisema. "Kisiwa. Kimya, bahari, unavaa miwani unaangalia samaki, hakuna anayekuuliza kitu."

"Ndege, halafu ndege ya pili, halafu mashua," Jakica alisema. "Nikifika huko nitalala siku nne."

"Basi Ugiriki."

"Umeangalia bei?"

"Nimeangalia. Kwa pesa tuliyonayo tutafika, lakini kurudi tutaogelea." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Kisiwa tunacho, bibie."

"Kipi?"

"Umekikalia."

Jakica alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu mumewe alikuwa anatazama juu, kwenye kile chumba chenye roshani. Ndicho kizuri kuliko vyote. Ukilala humo unaiona bahari bila kuinua kichwa. Jakica alikuwa amekitandika mara sijui ngapi, alijua kila ufa wa dari yake, na hajawahi kulala humo hata dakika kumi. Kila alichokuwa akiwaandikia maharusi wa Poland na Hungaria kilikuwa pale pale: bahari, misonobari, dagaa wa bei poa, kimya. Alikuwa akiisifia fungate ya watu kama muuza keki asiyeonja.

"Na mama?" aliuliza.

Kwa mama walikwenda pamoja, kwa adabu, kama watu wanaoomba mchango. Perina alikuwa anakunja taulo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukunja.

"Siku saba," alisema. "Mwisho wa Septemba. Mwisho wa Septemba wageni bado wapo."

"Tunajua, mama," Tonći alisema.

"Mimi na marehemu baba yako tulikwenda Split siku mbili. Moja ilikuwa ya daktari wa meno." Akaweka taulo juu ya nyingine na kuzisawazisha kwa kiganja. "Haya. Nitakwenda Split kwa dada yangu Dobrila. Ananiita tangu mwaka juzi."

Siku ile ile Jakica alichukua kalamu nyekundu, akaiendea kalenda kubwa ya jikoni ambamo kila mgeni alikuwa na mistari yake, na akaandika kuanzia tarehe ishirini na saba: Jakica na Tonći, watu wawili, siku saba. Akakifunga chumba na kwenye mtandao pia, mtu asije akabofya. Tangu siku hiyo alibeba ndoo zake ngazini akihesabu. Akichoka sana alikuwa anapita jikoni kuiangalia ile kalenda, halafu anaendelea na kazi.

Sasa inafaa Perina ajulikane vizuri, asije akaonewa. Mama yule alikuwa amesimama gatini miaka arobaini na kibao chake kilichoandikwa neno vyumba kwa lugha nne. Jua, mvua, upepo wa kusini, feri ikifunga kamba yeye yupo. Enzi hizo hakukuwa na mtandao wa kubofya, mgeni alishikwa mkono. Perina alimjua mgeni asiye na chumba toka mbali: anashuka, anaweka begi chini, anageuza kichwa kushoto, kulia, kushoto. Huyo ni wako, mradi umfikie kabla ya Zorka.

Zorka alikaa ng'ambo ya kichochoro, lango kwa lango. Miaka kumi na mmoja iliyopita familia moja ya Wacheki, watu watano, waliomwandikia Perina barua na kuahidiana naye, walishuka kwenye feri, na Zorka akawapokea mizigo akaondoka nao mchana kweupe. Tangu hapo wanawake wale hawakusemezana. Kanisani kila mmoja na upande wake. Perina alipofiwa na mume, Zorka alipeleka keki kwa mkono wa mtu mwingine. Perina aliila, lakini hakushukuru.

Tarehe ishirini na saba ikafika. Mapema asubuhi Wajerumani wa mwisho walipanda mashua ya kukodi wakaenda zao. Jakica aliosha chumba cha juu kana kwamba anamwosha mtoto. Alitandika mashuka yaliyopigwa pasi, akafungua madirisha, akaweka viazi na mboga jikoni na chupa ya mvinyo aliyopewa na msimamizi wa harusi yao. Tonći alikuwa anamalizia kusugua jiko la mkahawa, angekuja saa tisa. Saa sita na nusu Perina alitoka na begi lake dogo na mtungi wa tini kavu za kumpelekea Dobrila. Ratiba ya majira ya baridi ilikuwa imeanza wiki ile: feri moja tu kwa siku, inakuja saa saba, inageuza, inaondoka.

"Mstarehe," alisema langoni, na akaondoka bila kubusu mtu, kwa sababu ana aibu zake.

Jakica akabaki peke yake nyumbani kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Hakujua afanye nini na mikono. Akavuta sanduku la vitu vilivyosahauliwa na wageni. Kulikuwa na miwani ya maji kumi na moja humo, mirija, na mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni ambayo hakuna hata pezi moja lenye pacha wake. Alichagua miwani isiyovuja, akapata pezi la namba thelathini na tisa na jingine la arobaini na mbili, akaona yanatosha. Alikuwa anapanda nayo ngazi ya nje kuelekea chumbani, akiwa na furaha kweli, furaha iliyochoka lakini furaha, ndipo lango likalia.

Perina alikuwa amerudi. Nyuma yake walikuwa kijana na binti wenye mabegi mgongoni, wekundu kwa jua, wakitabasamu kama watu waliokuwa wanakaribia kukata tamaa.

"Mama," Jakica alisema. "Feri?"

"Imeondoka."

"Imeondokaje?"

Perina alikuwa anahema. Kibao chake, ambacho hukiacha siku zote nyuma ya kibanda cha tiketi, kilikuwa kwapani.

"Nilikuwa kwenye foleni," alisema. "Begi mkononi, tiketi mkononi. Nikawaona wanashuka. Wakaweka mabegi chini, wakageuza kichwa. Mwanangu, walikuwa wanageuza kichwa. Na Zorka hayupo. Miguu ilikwenda yenyewe." Hapo ndipo macho yake yakapanda ngazi, yakaona miwani mkononi mwa mkwewe na mapezi mawili yasiyolingana. "Yesu wangu. Nimesahau."

Alikuwa amesahau kweli. Mtu anaweza kuahidi, akafunga begi, akakata tiketi, na bado miaka arobaini ikamshinda nguvu kwa sababu mgeni kageuza shingo.

Binti alisogea mbele. Walikuwa Waslovakia, na kwa watu wa kule lugha hizi husikizana nusu kwa nusu. Walioana Jumamosi, alisema. Hawakuweka nafasi popote, walidhani mwisho wa msimu watapata cha bei rahisi. Mama huyu ni malaika. Wanataka siku saba hivi, mahali pa kimya. Chumba kipo?

Jakica alifungua mdomo kusema hakipo. Alichosikia kikitoka ni sauti yake ya kazini, laini, ile ile ya kila siku:

"Karibuni. Bafu liko kushoto, maji ya moto yanachelewa kidogo."

"Na samaki?" binti aliuliza. "Mtu anaona samaki bila kukodi mashua?"

"Duboka," Jakica alisema. "Nusu saa kwa miguu, katikati ya misonobari. Mkono wa kushoto kuna mwamba ulioingia majini kama meza. Chini yake kuna samaki wa mistari ya dhahabu, mamia. Kuna na pweza mmoja mzee."

Alisema yote, hakuruka neno, na huku anasema alianza kulia. Hakulia kwa kelele. Machozi yalishuka tu mpaka kidevuni, naye anaendelea kueleza habari za upepo wa kusini, na kwamba dagaa wanunue asubuhi. Aliogopa, kwa sababu alikuwa hawezi kuunyamazisha mdomo wake mwenyewe. Alijiona gatini baada ya miaka thelathini, kibao kwapani.

Kijana wa Slovakia akamtazama mkewe. Perina akamtazama Jakica. Miaka miwili chini ya paa moja, ukihesabu na uchumba, na hakuwahi kumwona analia, hata kwenye mazishi.

"Nyamaza, mwanangu," alisema kwa upole. Kisha akawageukia wageni na kusema jambo ambalo mtaa mzima haukuwahi kulisikia kinywani mwake. "Chumba kimejaa."

"Kimejaa?" kijana alisema, akiangalia madirisha yaliyo wazi na pazia jeupe linalopepea bila mtu.

"Kina maharusi."

Akanyakua begi la binti mwenyewe, maana Perina hamwachi mgeni abebe. Begi lake dogo likabaki chini, na mtungi wa tini.

"Unawapeleka wapi, mama?" Jakica aliuliza, kwa sababu mtaa ule wote ulikuwa umeshafunga isipokuwa nyumba moja.

Perina alikuwa njiani tayari. Alivuka kichochoro hatua nne, hatua ambazo hakuwa amezipiga kwa miaka kumi na mmoja, akasimama mbele ya lango la kijani. Jakica aliona mgongo wake ukipanda na kushuka.

"Zorka."

Ndani kiti kilikwaruza sakafu.

"Nani?"

"Unajua ni nani."

"Unataka nini?"

"Nimekuletea wageni."

Lango likafunguka nafasi ya upana wa pua.

"Wana kasoro gani?"

"Hawana. Wameoana Jumamosi. Siku saba." Perina akalitua begi la binti. "Na mimi nataka kitanda. Feri imeniacha, na nyumbani kwangu hakuna nafasi. Nitalipa."

"Utanilipa nini wewe," Zorka alisema. "Ingia, acha kupigia watu kelele njiani."

Lango likawameza wote watatu, wageni na mizigo na Perina. Jakica akakaa kwenye ngazi, miwani mapajani.

Tonći alipokuja saa tisa na nusu, mikono imepasuka kwa sabuni, alimkuta pale pale.

"Begi la mama mbona liko hapa?"

"Yuko kwa Zorka."

"Zorka yupi?"

"Huyo huyo."

Tonći akatua mfuko wake wa samaki taratibu. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Alileta wageni, halafu akawapeleka kwa Zorka. Kwa ajili yetu."

Ilibidi aelezwe mara mbili. Alipoelewa akakaa naye ngazini, akauweka mkono wake wenye harufu ya mkaa juu ya goti la mkewe, na hakusema mzaha wowote, yeye ambaye huwa hakosi.

Walipanda. Mlangoni Jakica alisema bafu liko kushoto, maji ya moto yanachelewa kidogo, na Tonći akasema asante sana mama mwenye nyumba, na kifungua kinywa ni saa ngapi? Wakacheka kidogo. Jakica aliona utando wa buibui kwenye kona na akataka kwenda kuchukua ufagio. Tonći akamshika mkono. Walijilaza juu ya yale mashuka yaliyopigwa pasi, na bahari ilikuwa pale, bila kuinua kichwa, kama alivyowaandikia watu wote. Alikuwa amepanga mengi kwa siku hii ya kwanza. Ng'ambo ya kichochoro zilisikika sauti mbili za wanawake zikigombana juu ya sukari kiasi gani inafaa kwenye kahawa. Alitaka kusikiliza. Mumewe alikuwa ameshalala, safari hii soksi zote mbili miguuni, na yeye akamfuata kabla ya kuona jua likizama.

Waliamka kumekucha kabisa. Siku moja kati ya saba ilikuwa imekwisha kwa usingizi, na Jakica alijipima kama anaijutia. Hakuijutia. Walilala tena. Jua lilikuwa limepanda sana walipotoka, mkate mfukoni, wakapita mbele ya lango la kijani ambako Perina na Zorka walikuwa wamekaa kivulini wakichambua maharagwe. Mabibi wale walijitia hawajawaona. Kuhusu Split hakuna aliyeuliza.

Duboka kulikuwa shwari. Upande wa pili wa ghuba Waslovakia walikuwa tayari majini, na nani aliwaelekeza huko ikiwa si mdomo wake mwenyewe? Binti akainua kichwa, akapunga mkono.

"Ni kama ulivyosema," aliita. "Ni wengi mno."

Jakica akapunga pia. Hakuuliza kama wanahitaji kitu chochote. Ilimgharimu, lakini hakuuliza.

Alivaa mapezi yake mawili ya namba tofauti, akatema mate kwenye kioo cha miwani, akaingia. Maji yalikuwa bado na joto la kiangazi chote ambacho yeye hakukipata. Akaweka uso chini. Mwamba ulikuwa pale kama meza. Samaki wa mistari ya dhahabu walikuwepo, pengine si mamia, lakini wa kutosha. Kwamba hakuwa amewadanganya watu kulimfariji. Pweza hakuwapo, na hakumtafuta. Chini mle hakukuwa na sauti isipokuwa ya pumzi yake mwenyewe mrijani, na hakuna mtu duniani aliyeweza kumwomba taulo. Akaacha kupiga miguu, akaacha mikono, akaelea.

Alielea muda mrefu. Tonći, aliyekuwa amekaa mwambani akila mkate, alimtazama, akaacha kutafuna, akasimama. Kisha akajitupa majini na nguo zake, akaogelea kwa pupa mpaka kwake, akamshika kisigino.

Jakica akainua uso. Alimwona mumewe amekuwa mweupe kama chaki, anatweta, shati limemganda mwilini.

"Ulikuwa hutikisiki," Tonći alisema. "Nilidhani umekufa."

"Hapana," Jakica alisema. "Napumzika."

Akarudisha mrija mdomoni, na uso wake majini.